Moto wa Nyama na Hatari Zake Zisizoonekana

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi. Inapigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamuni siku ile.)



Tumeambiwa tuseme kidogo juu ya nyama ya kuchoma, na tuliposimama hapa wengine wenu mlicheka. Hatuwalaumu. Katika Ukambani nzima, tangu Mwingi mpaka Mtito Andei, hakuna mtu mzima ambaye angependa kufundishwa kuchoma mbuzi. Sisi tuliozaliwa Kitui tulijua kuchuna mbuzi kabla hatujajua kusoma, na yale madarasa machache tuliyoyapata kwa misheni hayakutuondolea ujuzi huo. Chama hakikutuita tufundishe upishi. Kimetuita kwa sababu ya mwenzetu tuliyemzika, nanyi mwamjua, ijapokuwa jina lake hatutalitaja kwa kuwa mama yake yu hai na magazeti haya husafiri.

Ilikuwa mwezi wa Julai, mwaka 2022. Sisi wa gengi tulikuwa tumelala katika vyumba vya mabati upande wa Kima. Ninyi mliofanya kazi huko juu mwaijua baridi ya Julai. Upepo huvuma usiku kucha, na ukungu hauondoki mpaka saa nne. Siku ile ilikuwa ya mshahara. Tukachanga pesa, tukanunua mbuzi, tukamchoma nje mbele ya vyumba, tukala vizuri, tena kwa amani. Uki ulikuwapo kidogo, hatutaficha, lakini hakuna aliyelewa. Kama saa nne usiku moshi ulikuwa umekwisha, makaa yamekuwa mekundu safi. Mwenzetu akasema, makaa mazuri namna hii yatapoteaje bure? Akayatia katika jiko, akaliingiza chumbani walimolala yeye na mwingine. Dirisha walikuwa wameliziba kwa gunia kwa ajili ya upepo. Wakafunga mlango.

Asubuhi tuligonga, hakuna aliyeitika. Tulipovunja mlango, mmoja alikuwa akikoroma kwa shida, na matapishi kifuani. Huyo yu hai mpaka leo, ingawa husahau mambo. Mwenzetu mwingine alikuwa amekwisha kufa. Uso wake haukuwa wa maiti. Ulikuwa na rangi nzuri kama ya mtu aliyetoka kuota moto. Kwa sababu hiyo wengine walisema amerogwa, na wengine wakasema ni pombe. Hata sisi wenyewe siku ile hatukujua la kusema. Daktari ndiye aliyetuambia.

Basi tuwaambieni tuliyoambiwa. Makaa yakiwaka hutoa hewa yenye sumu ambayo waganga huiita kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi ni adui mwenye kelele, maana hukukohoza ukatoka nje. Hewa hii hainyanyui sauti. Mtu huivuta, nayo hushika damu mahali pale pale ambapo hewa safi ingeshika, tena huishika kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi. Damu ikishajaa sumu hiyo haina nafasi ya kuchukua uhai mwilini. Mtu huanza kuumwa kichwa, kisha kizunguzungu, kisha kichefuchefu, na miguu huwa mizito. Mwisho ni usingizi. Aliyekwisha kulala hapati hata dalili ya kwanza. Na ikiwa alikunywa, wenzake watadhani ni pombe. Ikiwa hakunywa, watadhani ni malaria na kumpa vidonge.

Hapa pana kosa ambalo sote tulikuwa nalo. Tulidhani hatari imo katika moshi, na ya kwamba makaa yakishakuwa mekundu bila moshi yamekuwa salama. Sivyo. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo hasa yanayoitoa hewa hiyo kwa wingi, na huendelea kuitoa hata yakifunikwa na majivu, mradi yana joto. Kosa la pili ni lile la beseni la maji. Mama mmoja alituuliza wakati wa maziko, je, hawakuweka maji karibu na jiko? Watu wengi wanaamini ya kuwa maji huvuta ile sumu. Hayaivuti, maana hewa hiyo haiyeyuki katika maji ila kwa uchache sana. Beseni la maji huwafanya watu walale bila hofu, na kwa hiyo ni afadhali lisiwepo. Na maziwa je? Maziwa hayatoi hewa iliyokwisha ingia katika damu. Tena mtu aliyezimia akinyweshwa maziwa yaweza kuingia mapafuni.

Linalofaa ni hili: fungueni mlango na dirisha, mtoeni mtu nje upesi mahali penye upepo, kisha mpelekeni hospitali ambako watampa oksijeni, hata akisema amepona. Anayeingia kumtoa asikae ndani kuulizauliza. Aingie, avute, atoke. Na mama mwenye mimba aliyekaa katika chumba kama hicho lazima aende hospitali hata kama haumwi sana, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huumia kabla ya mama kujisikia.

Ndugu zangu, ninyi watu wa reli mmesikia habari za Kima tangu zamani. Mwezi wa Juni mwaka 1900 bwana mmoja aitwaye Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alifika kituo kile kumwinda simba aliyekuwa akila watu. Wakalala ndani ya behewa, yeye na wenzake wawili, wakapeana zamu za kulinda. Zamu ya Ryall ikafika, naye akasinzia. Simba akaingia kwa mlango, akamwua, akatoka naye kwa dirisha. Wazee wa reli walipenda sana kutuhadithia habari hiyo, nasi tukiwa vijana tuliona kama ni hadithi ya watu wa kale. Sasa tumelala karibu na kituo kile kile, tukamwingiza simba wenyewe, tukamfungia mlango. Tofauti ni kwamba yule wa Ryall alikuwa na ngurumo.

Wala si mara ya kwanza kwa watu wa kwetu kuuawa na kitu wasichokiona. Mwaka 2004 mahindi yaliyoota ukungu yaliwapa watu sumu katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani. Waliohesabiwa kuugua walikuwa 317, na waliokufa 125. Mahindi yale yalipikwa, yakaliwa jioni na watu wenye njaa, na wengi hawakuona kitu kibaya ndani ya sahani. Tangu siku hizo watu wetu wamejifunza kuanika mahindi vizuri na kuyatazama. Lakini jiko hatujajifunza kulitazama.

Sasa tuseme juu ya kuni na makaa yenyewe. Makaa yamekuwa ghali. Mwanzoni mwa mwaka 2018 Kaunti ya Kitui, wakati wa Gavana Charity Ngilu, ilikataza makaa na mchanga kuchukuliwa nje ya kaunti. Mwezi wa Februari mwaka huo huo serikali kuu ikasimamisha ukataji wa miti katika misitu, na amri hiyo ikakaa mpaka mwaka 2023. Hatutaki leo kubishana kama amri zile zilikuwa njema. Miti yetu imekwisha, hilo kila mtu aliyepita njia ya Mutomo amejionea. Linalotuhusu hapa ni kwamba makaa yakipanda bei, watu huwasha cho chote. Na sisi watu wa reli tunavyo vitu vibaya vya kuwasha kuliko watu wengine.

Tunasema habari za mataruma. Mataruma mengi ya njia ya zamani ni ya chuma, na ya njia mpya ni ya saruji, lakini ya mbao yapo, hasa madarajani na penye pointi. Hayo yametiwa dawa nyeusi ya krosoti ili mchwa asile. Taruma likitolewa njiani huwa kavu, zito, nalo huwaka vizuri ajabu. Tumeona kwa macho yetu nyama ikichomwa juu yake. Ndugu, dawa inayomwua mchwa kwa miaka 30 haigeuki kuwa kiungo cha nyama kwa sababu imetiwa moto. Moshi wake mweusi hushika nyama, na aliyeinama kupuliza moto huuvuta wote. Vivyo hivyo vipande vya nguzo za stima. Nguzo nyingine zina krosoti, na zile zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye aseniki, ambayo ni sumu ya zamani inayojulikana na kila mtu. Moto hauiondoi. Nyingine huenda na moshi, nyingine hubaki katika majivu, na majivu hayo watoto huyachezea, na mama huyamwaga kwenye sukuma wiki.

Kuwasha makaa kwa mfuko wa plastiki au kwa kipande cha tairi, au kumwagia dizeli, ni jamaa ya mambo hayo hayo. Mifuko ya plastiki ya dukani ilikatazwa na serikali mwezi wa Agosti mwaka 2017, lakini plastiki nyingine ziko tele na wachomaji bado wanazo. Tena dizeli au petroli juu ya makaa yaliyokwisha shika moto yaweza kumrukia mtu usoni. Nyasi kavu na vijiti hutosha, vinataka subira tu. Na pipa lililokatwa kwa ajili ya kuchomea, tuulize kwanza lilikuwa la nini. Kama lilikuwa na dawa ya wadudu au ya kuulia magugu ya njiani, liachwe.

Tuje kwa nyama. Hapa tutasema neno litakalowauma wengine, na sisi wenyewe tumo. Gari-moshi likigonga ng'ombe au mbuzi, ni nani anayefika kwanza? Ni gengi. (Twasema gari-moshi kwa mazoea ya wazee, ijapokuwa moshi wake sasa ni wa dizeli.) Mwenye mnyama akiwa mbali, au akiogopa kuulizwa kwa nini mifugo yake ilikuwa njiani, nyama ile huwa ya kwetu kabla ya jua kuchwa. Ndugu zetu Waislamu huiita nyamafu, wala hawaigusi, na katika jambo hili wametushinda akili. Mnyama aliyegongwa hakutoka damu vizuri. Matumbo yamepasuka, na mavi yamechanganyika na nyama. Amelala juani tangu saa ngapi, hakuna ajuaye. Na kwa nini hakulikimbia gari? Labda aliduwaa tu. Labda alikuwa mgonjwa.

Tena kuna yule ambaye hakugongwa na kitu, amekutwa amekufa tu kando ya njia. Huyo ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Ikiwa damu nyeusi isiyoganda inatoka puani au nyuma, hicho chaweza kuwa kimeta. Msimpasue, msimchune, msimguse. Msifikiri ya kwamba moto wa nyama utaua ugonjwa huo, kwa maana mbegu zake ni ngumu sana, huishi katika udongo miaka mingi, na wengi huupata kabla nyama haijafika motoni, mikononi, wakati wa kuchuna. Kidonda chake huanza kama kipele, kisha katikati huwa cheusi, wala hakiumi sana, ndiyo sababu mtu hukidharau. Akiwahi hospitali dawa ipo. Mwiteni afisa wa mifugo, na mzoga uchomwe kabisa au ufukiwe chini sana.

Nyama ya bucha nayo itazamwe muhuri wa mkaguzi. Bei ikiwa chini sana kuliko ya mahali pengine, ulizeni sababu. Na hata nyama yenye muhuri yahitaji kuiva. Moto mkali una hila, maana huipa nyama ngozi nyeusi nje, na ndani karibu na mfupa ikabaki mbichi, nasi twaisifu kuwa ni laini. Mabuu ya tegu hukaa katika nyama mbichi ya namna hiyo, na vijidudu vya kuharisha pia. Shirika la Afya la Dunia lasema nyama ifikie joto la nyuzi 70 mpaka ndani. Sisi hatuna kipimo cha joto mfukoni, basi tukate karibu na mfupa na kutazama. Maji yake yakitoka mekundu, irudi motoni.

Lakini mkiuliza ni kitu gani cha kuchoma kilichowapeleka wengi wetu msalani usiku kucha, tutasema ni kachumbari. Tazameni gogo la mchomaji. Nyama mbichi imekatwa hapo. Kisu kimepanguswa kwa aproni. Nyama iliyoiva imekatwa hapo hapo. Kisha nyanya na vitunguu vikakatwa hapo hapo, navyo haviendi motoni kamwe. Nyama ilikuwa nzuri, nasi twailaumu nyama. Gogo moja la mbichi na jingine la iliyoiva, na maji ya kunawa yenye sabuni, si gharama ya kumfilisi mtu.

Juu ya saratani tutasema machache, maana watu hupenda kutishana. Mafuta yakidondokea makaa hupanda tena kama moshi na kushika nyama, na nyama iliyoungua mpaka ikawa nyeusi hupata vitu ambavyo wataalamu wanavishuku sana. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya la Dunia waliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kwa nguvu kuleta saratani, na soseji na nyama nyingine za kiwandani katika kundi la vitu vilivyothibitika. Hawakusema ya kwamba anayekula mbavu siku ya Krismasi atakufa. Kata sehemu iliyoungua uitupe, geuza nyama mara nyingi, usiiweke juu ya ndimi za moto. Inatosha.

Aliye katika hatari kubwa kuliko mlaji ni mchomaji mwenyewe, naye ni mfanyakazi kama sisi, ila hana chama. Mkishuka Emali au Sultan Hamud jioni mtamwona. Amesimama juu ya pipa tangu asubuhi, macho mekundu, kifua kinakoroma, na mwenye hoteli humlipa kwa siku. Shirika la Afya la Dunia lilikadiria ya kuwa moshi wa majikoni ulikatisha maisha ya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na hao ni wa majumbani tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikuwaandikia watu wa viwanda na reli peke yao. Mwajiri wa mchomaji naye ana wajibu. Bomba la kutoa moshi juu ya pipa na kubadilishana zamu vingemsaidia sana. Tunasema hivi ili mkikaa kula mumwulize habari zake, na kama anataka, aelekezwe kwa chama kinachomfaa.

Sasa turudi Kima, maana ndiko tulikoanzia. Mwajiri wa mwenzetu, ambaye ni mkandarasi, alijibu ya kuwa kifo kile si cha kazini. Alisema marehemu alikuwa amelala, na aliyelala hafanyi kazi. Kwa hiyo mama yake alipewa gharama za jeneza na mchele wa matanga. Tunauliza: nani aliyemlaza pale? Mtu wa Ikutha hatoki kwao kwenda kulala katika bati la Kima kwa kupenda upepo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au pesa za kutosha kukodi. Chumba cha bati kisicho na tundu la hewa juu, kisicho na mahali pa kupikia, na watu wakapewa blanketi moja moja katika mwezi wa Julai, je, ni nyumba ya kufaa? Jiko lile halikuingizwa ndani kwa ujinga tu. Liliingizwa kwa baridi.

Chama kimeandika barua mara mbili. Kinaomba mambo manne: matundu ya hewa chini na juu katika kila chumba cha gengi, ambayo hayawezi kuzibwa kwa gunia, kibanda cha kupikia kilicho mbali na vyumba, blanketi mbili kwa kila mtu kabla ya mwezi wa Juni, na habari ya fidia ya mama yule itazamwe upya. Barua ya kwanza ilijibiwa kwamba jambo linaangaliwa. Ya pili haijajibiwa. Mwezi uliopita tulipita pale na troli tukaviona vyumba vile. Vimepakwa rangi mpya. Dirisha ni lile lile moja, na kuna watu wengine wamelala ndani.

Karatasi ya sahihi iko mezani kwa Katibu, karibu na mlango. Wasiojua kuandika watatia kidole, wino upo. Ndugu wa Makindu na Kibwezi ambao gari lao laondoka saa kumi na moja wapewe nafasi watie kwanza.